Kicheko wa Ukumbi Namba Tatu

Filamu haikuwa na sauti, ndiyo maana watu wa makumbusho walimtafuta Bibi Vidole.

Mkuu wa makumbusho alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, kwenye ile safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha nguo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na haraka nyingi. Alikataa kiti, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa ili aonekane mtu wa watu, kisha akaanza kueleza kwa sauti ya juu, ile wanayotumia watu kwa wazee na kwa viziwi. Kwenye stoo ya zamani ya utawala yamepatikana makopo saba ya filamu. Sita yameoza. La saba ni zima.

"Dakika nne, bibi! Ukumbi namba tatu! Wanawake wako kazini, wanaongea, midomo inacheza, lakini hakuna neno linalosikika. Nimeambiwa wafumaji mlikuwa mnasomana midomo. Ni kweli?"

"Usinipigie kelele, mwanangu," alisema Vidole. "Sisikii sana, lakini nakuona."

Ilikuwa kweli. Mashine za kufumia zilipokuwa zikienda, hata radi isingesikika. Kipande cha mbao chenye ncha za chuma, ambacho wao walikiita panya, kilikimbia na uzi kutoka upande mmoja wa kitambaa hadi mwingine mara mia na zaidi kwa dakika, na kila kilipofika kiligonga. Zidisha kwa mashine zote, ukumbi kwa ukumbi. Msichana aliyeajiriwa Jumatatu aliondoka Jumamosi masikio yakivuma. Kwa hiyo wafumaji walijifunza kuongea bila sauti. Walikuita kusema kwa mdomo mtupu. Mtu aliweza kumsimulia mwenzake aliye mashine ya sita habari za mkwe wake, kwa utulivu kabisa, mikono ikiendelea kufunga nyuzi zilizokatika.

"Tunataka uangalie, utuambie wanasema nini," alisema Mkuu. "Tutaandika maneno chini ya picha. Jumamosi ya wiki ijayo tunazindua."

Mumewe Vidole alikuwa mlangoni, amevaa koti la kaki la makumbusho lenye kibandiko kifuani. Jina lake la kazini lilikuwa Nyapara, kwa sababu ndivyo alivyokuwa enzi za kiwanda, na jina hilo lilimng'ang'ania hata baada ya kiwanda kufungwa na jengo kugeuzwa Makumbusho ya Viwanda, Usafiri na Mawasiliano. Sasa kazi yake ilikuwa kutembeza wageni: hapa garimoshi la mvuke, hapa basi la kwanza la abiria, hapa mtambo wa simu uliohitaji wasichana ishirini wa kuchomeka nyaya, hapa mashine za kufumia.

"Mke wangu ameshasahau mambo hayo," alisema Nyapara. "Miaka thelathini na moja, bosi. Macho yenyewe hayo unayaona."

"Macho yangu yana nini?" aliuliza Vidole.

"Si unalalamika kila siku?"

"Nalalamika juu ya mchele wenye mawe. Hiyo ni habari ya macho?"

Mkuu alicheka. Nyapara hakucheka. Alikuwa na siku kama nane hivi anakula vijiko viwili na kusukuma sahani, na Vidole alidhani ni tumbo.

"Nitakuja kesho," Vidole alimwambia Mkuu.

*

Ili kufika ukumbi namba tatu ilibidi kupita ubao wa moto. Vidole alikuwa ameupita mara tatu tu tangu makumbusho yafunguliwe, na mara zote aliangalia sakafu. Ubao wenyewe ulikuwa na picha ya mlango ulioungua, orodha ya waliokufa, wanawake tisa, na chini yake maneno yaliyotolewa kwenye ripoti ya tume: *Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Tume ilibaini kwamba ufunguo ulichukuliwa na mfumaji mmojawapo bila idhini.*

Ubao haukumtaja mfumaji huyo. Haikuwa lazima. Mtaa mzima ulijua ni Kicheko, mdogo wake Vidole wa tumbo moja, aliyekuwa na miaka ishirini na mbili. Nyapara mwenyewe ndiye aliyeiambia tume: mara ya mwisho kuuona ufunguo, ulikuwa mkononi mwa shemeji yake. Na kwa kuwa kosa lilikuwa la mfanyakazi, kampuni haikulipa familia hata moja. Kwenye mazishi, mama wa marehemu mmoja, mfumaji wa zamu nyingine aliyeitwa Kamanda, alimtemea mate mama yao Vidole mbele ya watu. Mama yule aliyapangusa kwa kiganja. Aliishi miaka minne zaidi, na hakwenda tena sokoni isipokuwa asubuhi sana, kabla watu hawajajaa.

Ukumbini walikuwa wamefunga madirisha kwa vitambaa vyeusi. Mkuu alimkalisha Vidole kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta, akakaa kando yake na daftari. Nyapara alisimama nyuma, karibu na projekta. Hakuna aliyemwita. Alisema anapita tu.

Ukuta ukawaka.

Vidole alijiandaa kuona picha. Hakujiandaa kuona watu. Walikuwa wakubwa kuliko milango, wote tisa wa kwenye ubao, na mashine zao ni hizihizi zilizokuwa hapa ukumbini, zimepigwa rangi, zimezungushiwa kamba nyekundu. Mwenye kamera alikuwa ametembea polepole katikati ya mashine, siku chache kabla ya moto. Huyu hapa Mrefu, ameinamisha kichwa. Huyu hapa Mama Pacha, anakunywa chai kwa mkono mmoja na mkono mwingine uko kwenye uzi.

"Anasema nini huyu?" Mkuu aliuliza.

"Anasema chai imepoa. Anasema..." Vidole alijikuta anatabasamu. "Anasema wenye kamera wamempiga picha upande wenye pengo."

Mkuu alifurahi kama mtoto. Akaandika.

Kisha akaja Kicheko. Kamera ilimkuta akiangalia pembeni, halafu akageuka, akaona anapigwa picha, na badala ya kuona haya akaegemea mashine na kuendelea na mazungumzo yake na Mrefu. Alikuwa anacheka. Meno yote nje. Midomo yake ilisema wazi, kama ilivyokuwa ikisema kila siku, kwani wafumaji wote walikubaliana kwamba hakuna aliyekuwa na mdomo msafi wa kusomeka kama Kicheko:

*Shemeji keshaondoka na ufunguo wake. Kaenda kwa dada.*

Mrefu alisema kitu, mgongo wake ukiwa kwenye kamera.

*Mwacheni jamani,* Kicheko akajibu. *Dada anaogopa kukaa peke yake na lile tumbo. Akija bwana mkubwa, mimi nitasema ufunguo ninao.*

Akapiga makofi mara moja, akarudi kwenye mashine. Kamera ikasogea.

"Na huyu?" aliuliza Mkuu, kalamu juu. "Huyu ndiye mzuri kuliko wote. Anasema nini?"

Nyuma yao Nyapara alikohoa. Vidole aligeuka. Mumewe alisimama kwenye mwanga wa pembeni wa projekta, na midomo yake, bila sauti yoyote, ilisema neno moja.

*Usiseme.*

Nyapara naye alianza kazi akiwa mfumaji. Alisoma midomo vizuri kama yeye. Na yeye ndiye aliyefungua makopo siku nane zilizopita.

"Uzi," alisema Vidole. "Wanazungumza habari za uzi. Anasema leo uzi unakatika-katika."

*

Msomaji asidhani kwamba mama huyu alikuwa amegundua jambo jipya juu ya mumewe. Vidole alijua ufunguo ulikuwa wapi siku ya moto. Ulikuwa mezani kwake.

Alikuwa na mimba ya miezi minane, daktari amemkataza kusimama, na alikuwa na hofu ya kufia chumbani peke yake. Nyapara alikuwa akitoroka zamu asubuhi, anakuja kumkanda miguu, robo saa, dakika ishirini, anarudi. Amri ya kampuni ilikuwa mlango wa nyuma ufungwe zamu nzima kwa sababu nguo zilikuwa zinaibwa. Kwa hiyo aliufunga na kuondoka na ufunguo. Siku ile alifika saa nne, akaweka kofia na ufunguo mezani kama kawaida. King'ora kilipolia, alirukia kofia. Ufunguo aliusahau. Alikimbia mpaka mlangoni kwa wenzake bila ufunguo, akaupiga mlango kwa bega mpaka bega likatoka mahali pake.

Vidole alibaki anauangalia ufunguo. Hakuweza kukimbia. Pengine angeweza kutembea. Aliwahi kupima njia ile baadaye, mara nyingi, kwa hatua za mjamzito: mia tatu na arobaini. Alikaa. Moshi ulipopanda juu ya mapaa ya nyumba aliuchukua ufunguo, akaenda chooni, akautupa. Jioni mumewe alirudi na mkono umefungwa. Akaangalia meza. Meza ilikuwa tupu. Hakuuliza. Vidole naye hakusema. Walikaa hivyo miaka thelathini na moja, na katika muda huo walilea mtoto, wakazika wazazi, wakagombana juu ya chumvi na maji na ndugu, kama watu wengine wote.

Mimba ile sasa ilikuwa mwanamke mzima aliyeuza tiketi kwenye geti la makumbusho. Jioni ya siku ile alirudi amechangamka.

"Mama, umekuwa staa! Mkuu anasema utavaa sare ya zamani siku ya uzinduzi. Wameshona mpya, ya bluu, halafu wakaichana na kuitia viraka ili ionekane ya zamani."

"Yangu haikuwa na viraka," alisema Vidole. "Tungekatwa mshahara."

"Wageni nao hawajui. Na mimi leo wamenicheka getini, wanasema yule msichana wa ukutani ni mimi. Nikaenda kumwona. Mama, kweli nimefanana na mama mdogo hivyo?"

"Umefanana naye."

"Anasema nini pale anapocheka?"

Nyapara alikuwa anavua viatu. Mkono wake ulisimama kwenye kamba.

"Anasema uzi unakatika," alisema Vidole.

Binti alifikiri. "Mtu hacheki hivyo kwa sababu ya uzi," alisema, akaenda kuoga.

*

Kuanzia hapo Kicheko hakutoka nyumbani. Vidole alikuwa akichagua mchele, na kwenye sinia, katikati ya chuya, midomo ile ilikuwa inasema. Aliosha vyombo, ikasema kwenye maji. *Mwacheni jamani. Dada anaogopa.* Wakati wa uhai wake Kicheko hakuwa mtu wa kurudia neno. Ukilikosa umelikosa, anakwambia nenda kapige miwani. Sasa alirudia bila kuchoka, kila baada ya dakika nne, kwa uchangamfu uleule, huku hajui kuwa amekufa wala kwamba walimchukulia utani wake wakaufanya ushahidi. Vidole aliacha kumtazama mumewe usoni. Mumewe akila, midomo ilikuwa inacheza, naye aliogopa kuisoma.

Siku tatu kabla ya uzinduzi Nyapara alirudi mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi. Alisimama katikati ya chumba na karatasi.

"Mama, kuna jambo."

"Sema."

"Wamewaalika wafumaji. Wale wa zamu nyingine waliobaki. Kumi na mmoja." Alimpa karatasi, kisha akakumbuka kwamba mkewe hana miwani, akaichukua tena. "Kamanda wa kwanza kwenye orodha."

Vidole alielewa mara moja. Walikuwa wamemdanganya Mkuu, na Mkuu alikuwa ameandika chini ya picha, na wageni wote na watoto wa shule wangesoma habari za uzi na kuridhika. Lakini kwa wale vikongwe kumi na mmoja ile filamu haikuwa bubu. Ilikuwa inapiga kelele.

"Nenda kwa Mkuu," alisema Nyapara. "Mwambie lile pande likatwe. Mwambie ni mdogo wako, linakuumiza. Mwenyewe nimejaribu. Kasema ndilo zuri kuliko yote, wamelichapa kwenye mabango. Wewe atakusikia, wewe ni mfiwa."

"Na wewe si mfiwa?"

Nyapara aliikunja karatasi mara mbili.

"Nyapara, nakuuliza. Wewe si mfiwa?"

"Usinianzie, mama. Ningefanya nini? Wangenifunga. Wewe ungejifungulia wapi? Nani angemlisha yule? Kicheko alishakufa, hakuna jela ya kumfunga mtu aliyekufa."

"Mama yangu hakuwa amekufa."

Hilo hawakuwahi kuliambiana. Nyapara alikaa chini, kwenye ileile ndoo aliyokalia Mkuu. Alikuwa mwanamume mrefu na magoti yake yalifika karibu na kidevu.

"Nyumba hii ni ya makumbusho," alisema polepole. "Koti hili ni la makumbusho. Binti yuko getini kwa sababu ya koti hili. Mimi nina miaka sitini na saba. Ukisema, Jumatatu tuko barabarani na magodoro. Hilo tu nakuomba ulifikirie."

"Nimelifikiria miaka thelathini na moja."

"Sasa?"

"Nimechoka kulifikiria."

"Hilo si jibu."

"Basi ngoja jibu." Vidole alirudi kwenye sinia lake. Baada ya muda, bila kuinua kichwa, akauliza: "Alikuwa anajua kweli? Mlipanga naye?"

"Hatukupanga. Alikuwa ananitania tu. Kila nikirudi ananiambia, *Shemeji, leo nimekuokoa tena, unanidai au nakudai?*" Nyapara alijifuta uso kwa mkono wa koti, kisha akaangalia kama limechafuka. "Kwenye tume waliponiuliza ufunguo alikuwa nao nani, jina lake lilikuja lenyewe. Lilikuwa limeshazoea njia."

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi namba tatu ulijaa. Viongozi walikaa pembeni kwenye viti vyenye mito. Wafumaji kumi na mmoja waliwekwa mstari wa mbele, na nyuma yao walikuwa jamaa, watu wa mtaa, wanafunzi, waandishi wa habari, mpaka kwenye mlango wa nyuma wenye mbao zilizoungua, uliofunikwa kioo. Binti alikuwa huko nyuma na watu wa geti. Vidole alisimama mbele, kando ya ukuta, amevaa sare ya bluu yenye viraka vya uongo. Mpiga picha mmoja alimwomba ashike uzi. Akashika. Akamwomba atabasamu kidogo kama enzi zile. Hilo hakulifanya.

Kamanda alikuwa katikati ya mstari wa mbele, na fimbo. Alikuwa amebaki mdogo kama msichana, lakini macho ni yaleyale. Alimwangalia Vidole, akaangalia pembeni, kama mtu aliyeona duka lililofungwa.

Mkuu alipanga kwamba filamu ikianza, Bibi Vidole asome maneno kwa kinywa chake mwenyewe, watu wasikie. Lakini kipaza sauti kilikoroma mara mbili kikafa. Fundi alikipiga kofi, kikapiga mluzi, kikafa tena.

"Basi tuendelee hivyohivyo," alisema Mkuu. "Mzee Nyapara, wewe ndiye mwenye sauti. Mama akisema, wewe unarudia kwa ajili ya watu wa nyuma. Sawa?"

Nyapara alikuwa kwenye projekta, mkono kwenye swichi. Alimtazama mkewe. Hakuwa na pa kwenda. Alisogea mbele, akasimama upande wa pili wa ukuta, na ukuta ukawaka katikati yao.

"Anasema chai imepoa," alisema Vidole. Sauti yake ilikuwa ya wafumaji, bapa, isiyojua inafika wapi.

"Anasema chai imepoa!" alirudia Nyapara.

"Anasema wamempiga picha upande wenye pengo."

"Wamempiga picha upande wenye pengo!"

Watu walicheka. Katika mstari wa mbele bibi mmoja alikuwa ameshalia, kwa sababu Mama Pacha alikuwa rafiki yake. Wengine walikaa wima, macho ukutani, vidole vikicheza mapajani kama vinavyotafuta nyuzi. Vidole aliona kwamba hawakuhitaji mtu wa kuwasomea. Wao hawakumwangalia yeye hata kidogo.

Kisha Kicheko akageuka, akaegemea mashine.

Chini ya picha maandishi yalitokea: *Leo uzi unakatika-katika.* Watoto wa shule waliyasoma kwa pamoja, kwa sauti. Mstari wa mbele ukaacha kupumua. Vidole aliona midomo ya wale mabibi ikifuata midomo ya Kicheko, wote kumi na mmoja, neno kwa neno, kama watu wanaosali. Fimbo ya Kamanda iliteleza ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

"Anasema," alisema Vidole, "shemeji ameondoka na ufunguo."

Mkuu aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake. Alifungua kurasa, akatafuta.

"Mama kasema nini?" aliuliza mtu nyuma.

Nyapara alikuwa amefungua kinywa. Angeweza kusema uzi. Maandishi yalikuwa pale ukutani yakimsaidia, na watu wote wa nyuma, na viongozi, na binti yake, wangemwamini. Aliyatazama yale maandishi. Kisha akamtazama shemeji yake, aliyekuwa anamcheka na meno yote nje.

"Anasema shemeji ameondoka na ufunguo," alisema Nyapara. Na kwa kuwa sauti haikufika, akavuta pumzi akalisema tena, kwa ile sauti ya kuitia watu kazini. "Shemeji ameondoka na ufunguo! Shemeji mwenyewe ni mimi!"

Ikasikika projekta inavyozunguka.

"Amekwenda kwa dada," alisema Vidole.

"Amekwenda kwa dada!"

"Mwacheni. Dada anaogopa kukaa peke yake na tumbo. Akija bwana mkubwa, nitasema ufunguo ninao mimi."

Nyapara alirudia yote. Sauti ilikatika kwenye neno la mwisho, akarudi akaliokota, akalisema lote. Mkuu alikuwa amesimama, mkono mmoja umeinuliwa kama mtu anayesimamisha gari, lakini hakujua asimamishe nini. Ukutani Kicheko alipiga makofi yake mara moja, akarudi kazini.

Pale pangetosha. Filamu ilikuwa imekwishasema, na aliyetajwa alikuwa amejitaja. Nyapara alishusha mabega, na kwa mara ya kwanza tangu makopo yale yafunguliwe uso wake ulionekana kama wa mtu aliyepata usingizi.

"Siku ya moto aliuacha mezani kwangu," alisema Vidole. "Alipokimbilia kiwandani ufunguo ulibaki kwangu. Niliutupa chooni mimi, kwa mkono wangu, akiwa bado anapiga mlango. Halafu nikakaa kimya, nikamwacha mdogo wangu aitwe mwizi wa ufunguo."

Nyapara hakurudia.

"Kasemaje?" waliulizana watu wa nyuma. "Bibi kasemaje hapo?"

"Hapo pameisha," alisema Nyapara. "Filamu imefika mwisho."

"Haijaisha," alisema Kamanda. Alikuwa ameinuka bila fimbo, amejishikilia kwenye kiti cha jirani. Hakumwangalia Nyapara. Alikuwa anamwangalia Vidole mdomoni tu, mdomoni. "Sisi hapa mbele tumeona. Lirudie na hilo, Nyapara. Mwanangu alikuwa anafanya kazi mashine ya nyuma."

"Mama, nakuomba," alisema Nyapara, na haikujulikana anamwambia mama yupi.

Vidole aliona kwamba mumewe asingeweza. Yake mwenyewe ameyasema. Hili la mkewe lilimshinda. Basi aliuweka chini ule uzi aliopewa na mpiga picha. Akapita mbele ya ukuta, na kwa kitambo uso wa mdogo wake ulikuwa juu ya sare yake ya viraka, unasogea naye. Akapita mstari wa mbele, akawapita viongozi, akaingia katikati ya viti, watu wakivuta magoti kumpisha, mpaka nyuma kabisa kwenye mlango, alipokuwa binti yake na watu wa geti. Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye kioo. Hakujua sauti yake ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo alitumia yote aliyokuwa nayo.

"Nimesema hivi," akaanza.